Mnyambuliko

Saa kumi na moja na dakika saba uliniandikia:
Niko getini kwako.
Nikajibu nikiwa chini ya mablanketi mawili:
Leo baridi, Ikupa. Tangulia.

Tangulia.
Sikulisema kama lisemwavyo msibani.
Nililisema kama mtu mvivu,
mwenye soksi miguuni na usingizi mdomoni.

Julai ya Mbeya unaijua.
Maji ya bomba yana meno,
Loleza havui shuka mpaka saa tatu.
Mbwa wa Mwasomola hubweka mara mbili kila alfajiri,
mara moja kwako, mara moja kwangu,
kwa kuwa wewe hunitangulia hatua kumi
na mimi hujifanya nafunga kamba za viatu.
Siku ile alibweka mara moja.
Nilimsikia.
Nikageukia ukutani.

Ambokile wa maziwa anasema gari lilikuwa dogo, jeupe,
halikuwasha taa,
pale mikaratusi inapobana barabara kabla ya daraja.
Anasema mlango ulifungwa taratibu,
kama wa mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.
Anasema hukupiga kelele, uliita jina.
Jina gani, hakulishika, dumu lilikuwa linagonga baiskeli.
Sijamuuliza tena.
Naogopa asije akalikumbuka.

Kituoni askari alichovya kidole ulimini, akafungua ukurasa.
Alikuwa anakimbia nini?
Hakuwa anakimbia kitu, nikasema. Alikuwa anakimbia.
Kalamu ikasimama hewani.
Ungekuwepo ungemwambia, kwa ile sauti yako ya kidato cha pili,
afande, sentensi imekamilika,
si kila kitenzi kinadai yambwa.
Lakini hukuwepo, naye aliendelea kusubiri,
mume? deni? bwana wa mtu?
mpaka akaandika mwenyewe neno asilonionyesha.

Sokoni Mwanjelwa wanaulizana kwa upole,
mwanamke na giza wapi na wapi.
Wanapima nyanya, wanaongeza moja ya juu,
wananipa pole pamoja na chenji.

Mwandiko wako bado uko ubaoni, Kidato cha Pili B.
Nyambua: pika. lima. teka.
Hakuna anayetaka kuufuta.
Mwalimu wa hesabu anaandikia pembeni,
namba zake zimejibanza kama wageni.
Nimepewa vipindi vyako. Jana Lusubilo akanyoosha mkono:
Mwalimu, teka ina maana ngapi?

Darasa zima likainamia madaftari.

Mbili, nikasema.
Ya maji ndiyo tuliyoanza nayo, mimi na mwalimu wenu.
Tulitoka giza lile lile, baridi ile ile,
ndoo kichwani, ngata ya majani ya migomba,
tukashuka Nzovwe tukikimbizana,
na hakuna hata mtu mmoja aliyetuuliza
tunakimbia nini.

Labda ungebeba ndoo, Ikupa.
Labda wangekuona una kazi.

Mama yako alikuja kutoka Kyimo na mkungu wa ndizi.
Akauegemeza jikoni, akasema, atazikuta zimeiva.
Zikaiva.
Hakuna aliyethubutu kuchuma hata moja.
Sasa zina madoa meusi, nzi wanazijua,
na mama anatandika gazeti chini yake
ili utomvu usichafue sakafu yako.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Saa ya mezani sijaibadilisha.
Ikilia, navaa viatu, safari hii nafunga kamba kwelikweli,
natoka mpaka getini.
Pumzi yangu inatoka mbele yangu, nyeupe, inapotea.
Mbwa wa Mwasomola anabweka mara moja.

Nasimama.
Namsubiri amalizie.